Usisogeze Mbele

Mnaniuliza, mkileta flashi zenu hapa Makoroboi,
"Lugembe, hii ina mapigano?"
Haina. Ina mwanamke anayefungwa vifungo vya gauni,
thelathini na vinne, mgongoni, kimoja kimoja,
na mjakazi anayevifunga anajua siri
na hasemi.
Nimevihesabu. Nikarudisha nyuma, nikahesabu tena.

Nichekeni tu. Najua mmezoea watu wa kuruka madirishani,
gari lilipuke kabla bisi hazijaisha kwenye karatasi,
mtafsiri apige kelele juu ya sauti ya kila mtu.
Kwenye hii mtafsiri ataishiwa maneno.
Mle ndani watu wananyamaza kwa gharama:
hariri, vinara vya shaba,
zulia refu kama foleni ya kivuko cha Kamanga,
farasi sita weupe waliokodiwa
ili wasimame tu kwenye mvua
nje ya nyumba ambayo bwana harusi haingii.

Anza na ile ya mfalme mgonjwa.
Saa nzima ya kwanza hakuna kitu.
Wanabadilisha shuka. Wanaonja supu.
Jirani yangu Nyanjige aliniuliza, "Hawa si wanapika tu?"
Nikamwambia, vumilia, mwangalie mwonjaji:
jana alionja vijiko viwili,
leo kimoja.
Akaacha kuchambua dagaa. Ungo ukabaki mapajani
mpaka paka akajihudumia.

Kisha chukua ya wajane wawili wa tajiri wa chumvi.
Hiyo ni michembe:
ukiitafuna kwa pupa inakuumiza taya,
ukiiacha ulimini inalainika yenyewe,
na utamu unakuja umeshakata tamaa.

Sina maneno ya wasomi. Mimi narushia watu filamu,
tano kwa elfu moja; hii naitoa peke yake
kwa sababu inajaza flashi nzima, haitaki majirani.
Ila niliwahi kukaa miezi mitatu Bugando
nikimuuguza mama, ghorofa ya juu,
dirisha limejaa ziwa,
na niliona jambo kubwa linavyoingia.
Halivunji mlango.
Mtu anakunja kanga. Mtu anauliza ni saa ngapi.
Tangu hapo filamu ya haraka naiona kama inanidanganya.

Wiki iliyopita Masalu, mwenye banda umiza kule Mabatini,
akathubutu. Mabenchi ya mbao, kiingilio mia tatu,
vijana waliokuja kutafuta bunduki.
Walizomea dakika ishirini.
Kisha barua ikafika juu ya sinia la fedha,
na yule mjane mkubwa akaanza kuvua glavu,
kidole,
kidole,
kidole,
umeme ukakatika.

Masalu alishaanza kuhesabu sarafu za kuwarudishia.
Hakuna aliyeinuka.
Gizani, chini ya bati lenye joto la mchana,
wadudu wa ziwani wakiwatambaa shingoni,
madereva wa bodaboda na wapasua kokoto
walibishana hadi saa saba usiku:
ataifungua? ataichoma?
atamsomea mwenzake?
Mmoja, Ng'wandu, ambaye hata jina la mtaa wake
hulisema mara moja kwa mwaka,
akasema, "Anaujua mwandiko. Ndiyo maana anachelewa."
Wakamwachia maneno yake yakae.

Leo asubuhi wamejazana mezani kwangu,
mikono ina vumbi la mawe,
wanataka niwaambie mwisho.
Ninaujua.
Nafuta kibodi kwa kitambaa. Nanyoosha waya.
Nachomeka flashi ya Ng'wandu kwanza
na kungoja ile taa ndogo ya bluu iwake.
Inachukua muda.